Kutembea mtoni na vilimani kwa basi: panga safari kuanzia mwisho

Aliyekwenda na gari lake lazima arudi pale alipoliegesha. Aliyekwenda kwa basi anashukia mahali pamoja na kupandia mahali pengine, na ndiyo sababu njia za kando ya mto, ambazo kwa kawaida hazizunguki, zinamfaa yeye kuliko mwenye gari. Uhuru huo una bei yake, nayo ni saa. Basi la mwisho halimsubiri mtu aliyekaa sana kileleni. Kwa hiyo mpango wote hapa chini unaanzia kwenye kituo cha jioni na kurudi nyuma hadi asubuhi.

1. Tafuta basi la kurudi kabla ya kutafuta njia

Chukua ratiba ya siku ileile utakayokwenda. Siku za kazi, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zinaweza kuwa na ratiba tofauti kabisa. Soma pia alama ndogo zilizo kando ya saa, kwa sababu kuna mabasi yanayotembea siku za shule tu, au msimu mmoja tu wa mwaka. Ratiba ya saa 24 isomwe polepole: 17:30 ni saa 11:30 jioni, na anayeipitia juujuu huishia kufika kituoni wakati basi limeshapita.

Mahali ambapo gari huondoka likijaa, swali la kuuliza hubadilika. Usiulize tu gari la mwisho linapita saa ngapi; uliza kama huwa lina nafasi linapopita. Gari lililojaa stendi halisimami njiani, na unaweza kupungiwa mkono na magari matatu mfululizo huku giza likiingia. Dawa yake ni kumalizia matembezi stendi penyewe, au kwenye njia panda ambapo abiria wengi hushuka na viti hupatikana.

Sasa andika saa mbili: ya basi la mwisho, na ya basi linalotangulia lile la mwisho. Mpango ufuate hilo linalotangulia. La mwisho ni akiba, na akiba haipangiwi matumizi.

Mwelekeo wa matembezi nao unaamuliwa na ratiba. Anzia upande wenye mabasi machache, malizia upande wenye mabasi mengi. Asubuhi unajua basi lako moja ni la saa ngapi na unalifuata. Jioni ndipo mambo huharibika, na jioni ndipo unapotaka gari linalopita kila baada ya dakika 20. Kama vituo viwili vinalingana kwa mabasi, anzia kile kilicho juu zaidi. Mita 300 ambazo basi limekupandisha ni dakika 30 ambazo miguu yako haikuzilipa.

2. Hakiki kituo chenyewe

Jina la kituo na jina la mahali si kitu kimoja. Kituo kinaweza kubeba jina la kijiji kilicho kilomita moja au mbili ndani, au jina la jengo lililobomolewa zamani. Tafuta alama ya kituo kwenye ramani ya simu na upime umbali kutoka hapo hadi mwanzo wa njia ya miguu, kwa sababu umbali huo ni sehemu ya matembezi.

Kituo cha kwenda na cha kurudi hukaa pande mbili za barabara, na mara nyingine havitazamani: cha kurudi kinaweza kuwa mita 200 mbele, nyuma ya kona, au kwenye barabara nyingine kabisa ikiwa mji una njia za upande mmoja. Watu husimama upande usio wao na kulitazama basi likipita. Ukiwa unaanzia na kumalizia kituo kimoja, tazama kilipo cha kurudi asubuhi unaposhuka, kungali mchana. Muulize dereva au kondakta mambo mawili tu: jioni ya leo basi linapita saa ngapi, na nisimame wapi. Jibu lake ni jipya kuliko karatasi iliyobandikwa kituoni.

3. Soma mto na kilima kwenye ramani

Kwenye ramani ya 1:25,000, sentimita 4 ni kilomita 1. Kwenye ya 1:50,000, sentimita 2. Mistari ya kontua huunganisha sehemu zenye kimo kimoja. Inapobanana, mlima umesimama. Inapoachana, ardhi imelala. Kwenye ramani ya 1:25,000 yenye kontua kila mita 10, nafasi ya milimita 2 kati ya mistari ni mteremko wa nyuzi kama 11, ambao kila mtu anaumudu. Nafasi ya milimita 1 ni nyuzi kama 22, na njia yenye udongo uliolowa kwenye mteremko huo huteleza.

Kontua zinapokata bonde la mto hufanya umbo la V, na ncha yake huelekea chanzo. Kwenye mgongo wa kilima ncha huelekea bondeni. Ukikariri hilo utajua mto unatiririka kuelekea wapi hata kama ramani haina mshale.

Ukingo wa kulia na wa kushoto hutajwa kana kwamba umeelekea maji yanakokwenda. Jambo hili linaonekana dogo hadi litakapokuponza. Njia ya mto inategemea madaraja, na ukianza upande usiofaa utafika mwisho, utakiona kituo chako ng'ambo, mita 60 tu, na daraja la karibu liko kilomita 5 nyuma. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, orodhesha madaraja yote kwenye njia yako, umbali kati yake, na upande gani unapaswa kuwa kabla na baada ya kila daraja. Daraja la barabara lina faida ya pili: pale barabara inapovuka mto ndipo panapoweza kuwa na kituo cha basi. Weka alama kila daraja lenye kituo. Hapo ndipo pa kutokea mvua ikinyesha, mtu akiumia, au saa zikikukimbia. Njia ya kilomita 18 yenye madaraja mawili kama hayo ni salama kwa mgeni kuliko ya kilomita 12 isiyo na hata moja.

Mto ukipinda, maji hukimbia zaidi upande wa nje wa kona na kuula ukingo kutoka chini. Juu unaona majani na udongo mgumu, chini ni tupu. Tembea mbali na ukingo huo kwa hatua kadhaa, hasa baada ya mvua. Upande wa ndani wa kona una mchanga na maji ya kina kifupi. Ni pazuri kupumzikia, lakini ndipo panapofurika mapema, kwa kuwa ardhi iko chini.

Mwisho, usipime njia ya mto kwa rula. Mto unapindapinda, na mstari mnyoofu utakudanganya. Chora njia kwenye programu ya ramani kona kwa kona, au laza uzi juu ya ramani ya karatasi kisha uupime.

4. Piga hesabu ya muda

Kanuni inayotumika hadi leo ilitolewa mwaka 1892 na William Naismith, mpanda milima wa Uskoti: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hesabu ya kichwa, ni dakika 12 kwa kilomita na dakika 1 kwa kila mita 10 za kupanda.

Mita za kupanda ni jumla ya milima yote ya siku, si tofauti kati ya mwanzo na kilele. Ukipanda 200, ukashuka 150, ukapanda tena 220, umepanda mita 420. Kosa hili ndilo linalowachelewesha wengi kwenye vilima vya mfululizo, ambavyo kwenye ramani vinaonekana vidogo.

Tuseme njia ni kilomita 14 na kupanda ni mita 420. Kilomita 14 kwa dakika 12 ni 168. Mita 420 ni dakika 42. Jumla dakika 210, yaani saa 3 na nusu. Kanuni inamhusu mtu mwenye mazoezi, anayekwenda bila kusimama, kwenye njia nzuri. Kwa watu wa kawaida zidisha kwa 1.25: dakika 262. Ongeza mapumziko ya jumla ya dakika 40. Unapata kama saa 5.

Kushuka kuna hesabu yake. Mteremko wa wastani, nyuzi 5 hadi 12, hukuokolea dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka. Ukizidi nyuzi 12 unaongeza dakika 10 kwa kila mita 300, maana miguu inajizuia badala ya kutembea. Mimi ningepuuza zile zinazookolewa na kuhesabu zile zinazoongezeka.

Sasa rudi nyuma kutoka kituoni. Kama mabasi mawili ya mwisho ni saa 11:30 na saa 12:30 jioni, lako ni la 11:30. Ufike dakika 20 kabla: saa 11:10. Toa saa 5: mwisho wa kuanza ni saa 6:10 mchana. Huo ni ukomo, si saa ya kuanzia. Ukilipata basi linalokushusha saa 4:00 asubuhi, umejiwekea zaidi ya saa 2 za ziada, na hizo ndizo zinazobeba viatu vilivyokatika kamba na picha ambazo hazikuwa kwenye mpango.

Weka ukomo wa pili katikati. Kwenye mfano wetu, tuseme kilima kiko mwanzoni na daraja lenye kituo liko kilomita ya 8. Kutoka hapo zimebaki kilomita 6 tambarare: dakika 72, mara 1.25 ni 90, na mapumziko 15, jumla saa 1 na dakika 45. Kwa hiyo daraja hilo lazima livukwe kabla ya saa 9:25 alasiri. Ukifika baada ya hapo, ondokea hapo. Iandike saa hiyo kwenye karatasi mfukoni. Uamuzi uliofanywa nyumbani kwa utulivu una akili kuliko ule wa mtu aliyechoka ambaye hataki kukatisha.

Angalia pia saa ya machweo. Karibu na ikweta jua likizama giza linaingia kwa muda wa kama nusu saa. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta ndivyo jioni inavyorefuka, ila kwenye bonde lenye kuta ndefu kivuli hutangulia popote ulipo.

5. Mzigo

Begi la mgongoni la lita 20 hadi 25 linatosha kwa siku moja. Maji: nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi kwenye jua kali. Kwa saa 5 ni lita 2 na nusu, uzito wa kilo 2 na nusu. Kuona mto kando yako kusikufanye upunguze. Maji ya mtoni yachemshwe hadi yatokote kwa dakika 1, na dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000, kwa kuwa huko maji hutokota kwenye joto dogo zaidi.

Vingine: chakula kisichopondeka, koti la mvua, nguo moja ya joto, tochi ya kichwani hata kama unategemea kurudi mchana, filimbi, plasta na bandeji, pawabenki, nauli ya kurudi pamoja na ya akiba katika noti ndogo ndani ya mfuko usiopitisha maji. Hali ya hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo kilima cha mita 400 kinapunguza chini ya nyuzi 3. Kinachowatetemesha watu juu ni upepo kwenye nguo zenye jasho.

Viatu viwe vimeshavaliwa siku kadhaa, na mbele ya vidole kuwe na nafasi ya upana wa dole gumba. Bila nafasi hiyo, kila hatua ya kushuka inagonga kucha.

Kwa ajili ya basi tu, ongeza mfuko wa plastiki mgumu na kandambili. Jioni buti zenye tope zinaingia mfukoni, nawe unakaa kitini bila kumchafua jirani. Fimbo za kutembelea zikunjwe na ncha zifunikwe kabla ya kupanda.

Pakua ramani ya eneo lote kwenye simu kabla ya kuondoka. GPS hufanya kazi bila mtandao. Kinachomaliza betri bondeni ni simu kutafuta mawimbi yasiyokuwepo, kwa hiyo izime mawasiliano na uache GPS peke yake. Kwenye makorongo nukta ya mahali ulipo inaweza kurukaruka, kwani kuta za mwamba huziba setilaiti. Ndiyo maana ramani ya karatasi haijastaafu.

6. Ndani ya basi

Kaa mbele ikiwa barabara ina kona nyingi na tumbo lako halizipendi, utazame mbali, si simu. Begi likae miguuni; likiingia buti la gari, simu, fedha na maji vitoke kwanza. Fuatilia safari kwenye ramani uliyopakua, na jiandae kituo kimoja kabla ya chako.

7. Kilima kwanza, mto baadaye

Pale ramani inapokuruhusu kuchagua, panda asubuhi. Miguu ni mipya, jua bado halijakaza, na ngurumo za mvua katika maeneo mengi ya vilima hujikusanya mchana kuelekea alasiri. Anza polepole kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kutweta. Kundi huenda kwa mwendo wa mtu wa mwisho, kwa hiyo mweke wa pili kutoka mbele.

Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo na ugawe kwa 3 upate kilomita. Chini ya sekunde 30 maana yake radi iko ndani ya kilomita 10: shuka kwenye mgongo wa kilima, usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, na usirudi juu hadi dakika 30 zipite bila ngurumo.

Kabla ya kuanza kushuka, kaza kamba za viatu pale mguu unapokunjika, ili mguu usiteleze mbele. Ukihisi sehemu ya ngozi inapata joto, simama hapohapo ubandike plasta. Dakika 3 hizo ni nafuu kuliko lengelenge la kilomita 9.

Mtoni, kinachotakiwa kutazamwa ni maji yenyewe. Yakibadilika rangi na kuwa ya tope, yakaanza kubeba majani na vijiti, au mlio ukakua, mvua imenyesha juu hata kama kwako kuna jua. Panda mbali na maji mara moja. Mto ulio chini ya bwawa unaweza kupanda bila wingu lolote, wakifungua milango. Mabango ya tahadhari ukingoni yamewekwa kwa sababu hiyo.

Kuvuka kwa miguu kusiwe kwenye mpango. Maji ya mafuriko yanayokimbia, yenye kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na kasi ikizidi mara mbili msukumo unazidi mara nne. Kama ni kijito kisichokwepeka, tupa kijiti: kikikupita ukitembea kwa kasi yako ya kawaida, usiingie. Chagua mahali papana, kwa kuwa ndipo maji hutanuka na kupungua kina, pasipo na maporomoko wala mti ulioanguka chini yake. Baki na viatu, fungua mkanda wa begi wa kiunoni ili uweze kulivua ukianguka, elekea maji yanakotoka na usogee kwa ubavu ukiegemea fimbo. Tope au povu likikuficha miguu, rudi.

Kwenye nyasi ndefu za ukingoni, chomeka suruali ndani ya soksi. Jioni kagua nyuma ya magoti, kinena na kwapa kama kuna kupe. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute moja kwa moja, bila kumsokota.

8. Mambo yakiharibika

Ukipoteza njia, simama, kisha rudi hadi mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika napo. Usifuate kijito kushuka kilima ukidhani kitakufikisha barabarani: vijito hushuka kwa njia fupi ya maji, kupitia maporomoko, makorongo na vichaka ambavyo hukuviona kutoka juu. Mgongo wa kilima huwa salama zaidi, na unakuonyesha mbali.

Ishara ya kuomba msaada milimani ni milio 6 ya filimbi ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha rudia. Jibu ni milio 3. Usiku fanya hivyohivyo kwa tochi. Namba 112 hupokelewa katika nchi zote za Umoja wa Ulaya na katika nyingi nyingine. Hifadhi namba ya dharura ya nchi uliyopo.

Mtu mmoja aliyebaki nyumbani awe na ujumbe wako wenye vitu vinne: kituo cha kushukia, njia, kituo cha kupandia, na saa ambayo akiwa hajakusikia apige simu. Saa hiyo iwe baada ya basi la mwisho kufika, si lile linalolitangulia, la sivyo utatafutwa ukiwa umesinzia kitini.

Ukikosa basi kabisa, tafuta teksi au pikipiki kwa namba uliyohifadhi asubuhi. Kutembea barabarani gizani kuwe chaguo la mwisho: kaa upande unaokutana na magari, tochi ikiwaka, mstari mmoja.

9. Kituoni na baadaye

Simama palipo na mwanga ambapo dereva anakuona mapema, na unyooshe mkono hata kwenye kituo rasmi. Mabasi ya vijijini hupita bila kusimama wasipoombwa. Kukiwa giza, mulika tochi chini, miguuni pako, si machoni pa dereva.

Ukiwa kitini, andika muda uliotumia kweli na uugawe kwa ule wa kanuni tupu. Kama kanuni ilisema saa 3 na nusu nawe ukatumia 4 na nusu bila kuhesabu mapumziko, kipimo chako ni karibu 1.3. Safari ijayo tumia hicho badala ya 1.25.